Usimwambie "Vizuri" Ukaondoka: Namna ya Kumrekebisha Mwanafunzi kwa Mdomo Darasani

Mwanafunzi wangu mmoja wa Gredi ya 5, hapa kisiwani Lamu, aliandika katika insha yake: "Mama aliponiona nina matope hadi magotini, aliteka sana." Nikalipigia mstari neno lile, nikaandika "tahajia" pembeni kwa wino mwekundu, nikampa 11 juu ya 20, nikafunua daftari jingine. Wiki ya pili akaandika "tuliteka mpaka mbavu zikauma."

Hakuwa mzembe. Kwao, kama ilivyo kwa karibu nusu ya darasa, husemwa Kiamu, lahaja ya Kiswahili ya hapa Lamu: watu hawacheki, huteka. Macho ni mato, mchele ni mtele, njia ni ndia, na mtoto akiitwa huambiwa "ndoo". Aliandika alichokisikia tangu kuzaliwa, na herufi hakukosea hata moja. Wino wangu ulimwambia kwamba amekosa. Haukumwambia amekosa nini.

Siku nilipopata akili ya kuinama kando ya dawati lake, jambo hilo lilichukua chini ya dakika moja. Tangu hapo nimepunguza wino na kuongeza mdomo, na yafuatayo ni mambo niliyojifunza, mengine kwa kusoma, mengi kwa kukosea. Nayaandika kwa mwalimu mwenye darasa kama langu: watoto 54, madawati ya kubanana, na daftari ambazo nikizisahihisha kwa dakika 3 kila moja zinanila saa 2 na dakika 42, kwa somo moja tu.

Kabla ya hatua zenyewe, neno kuhusu chuo, yaani madrasa ya Kurani. Aliyesoma chuo hapa anakumbuka: unakaa mbele ya ustadhi, kijiti kinapita juu ya herufi, unasoma. Ukikosea irabu unasimamishwa papo hapo, unaambiwa ilivyo, unarudi mwanzo wa aya, na huvuki mpaka isimame sawa. Kiboko kilicholazwa kando ya msahafu sikisifu, na katika shule za Kenya kiboko kilipigwa marufuku tangu 2001. Lakini ule mwendo wa kusikiliza, kusimamisha, kuonyesha na kurudisha nyuma ndio mrejesho wa mdomo, na mtoto wa Lamu anaujua kabla hajajua kushika kalamu. Sisi wa shuleni tumechukua sehemu ya kusimamisha na kuonyesha, tukaiacha ile ya kurudisha nyuma. Mengi katika mwongozo huu ni kuirudisha.

Hatua ya 1: Amua utasikiliza nini kabla kengele haijalia

Ukiingia darasani kwa nia ya kurekebisha kila kitu, utarekebisha kinachokukera, na mara nyingi hicho ni mwandiko. Kwenye andalio lako la somo tayari umeandika matokeo yanayotarajiwa. Toa moja. Leo nasikiliza hilo, mengine nayapisha hata yakiniwasha.

Kisha jiulize: watakosea wapi? Andika pembeni makosa mawili au matatu unayoyatarajia, na kwa kila kosa andika swali. Nasema swali kwa sababu ukiandaa jibu utalitoa jibu, na mtoto atalipokea kama anavyopokea chenji dukani, bila kuhesabu.

Chukua nusu kujumlisha thuluthi. Kabla sijafungua mlango najua wako watakaojumlisha juu kwa juu na chini kwa chini, wapate 2/5. Naweza kuwahubiria kanuni mpaka sauti ikauke. Badala yake swali langu liko tayari:

"Mama amekukatia nusu ya mkate wa sinia. Dada yako akakuongezea thuluthi. Wewe sasa unasema una mbili kwa tano. Hiyo ni zaidi ya nusu au ni pungufu?"

Mtoto anatazama dari. Nampa kipande cha karatasi achore mkate, aukate vipande vitano, atie rangi viwili.

"Pungufu, mwalimu."

"Umeongezewa mkate, mkate ukapungua?"

Hapo huteka mwenyewe. Sijamwambia kanuni yoyote, lakini jibu lake amelikataa kwa kinywa chake, na sasa ana hamu ya kujua njia. Kanuni ikija baada ya hapo, inapata pa kukaa.

Lugha nayo ni ya kuamua mapema. Tangu Gredi ya 4 Hisabati tunaifundisha kwa Kiingereza, na kuna walimu wanaoona aibu kuchanganya. Mimi swali la kumfungua mtoto naliuliza kwa lugha anayofikiria, akishaelewa namtaka aniambie tena hesabu yake kwa Kiingereza, kwa kuwa ndivyo atakavyoikuta kwenye mtihani wa Gredi ya 6. Kumrekebisha mtoto kwa lugha ambayo bado anaitafsiri kichwani ni kumtwika mizigo miwili kwa kichwa kimoja.

Hatua ya 2: Usijaribu kuwafikia wote

Kipindi ni dakika 35. Watoto 54, kila mmoja nusu dakika, ni dakika 27, na hujafundisha. Kwa hiyo ninachagua tisa kwa kipindi, kila mmoja dakika moja hivi, wakati wenzao wanafanya zoezi. Vipindi sita nimewazunguka wote. Majina yako kwenye karatasi iliyokunjwa ndani ya daftari langu, na ninaweka alama. Bila karatasi hiyo utawaendea walewale: wanaonyoosha mkono na wanaopiga kelele. Yule wa dirishani anayenyamaza na kunakili ubaoni kwa mwandiko mzuri anaweza kumaliza muhula mzima hujamsemesha.

Hatua ya 3: Uliza, kisha nyamaza

Hili ni dogo kulieleza na gumu kulitenda. Miaka ya 1970 mtafiti wa Marekani, Mary Budd Rowe, alipima muda ambao walimu husubiri baada ya kuuliza swali, akakuta ni kama sekunde moja tu. Walimu waliofundishwa kusubiri sekunde 3 au zaidi walianza kupata majibu marefu zaidi, na watoto waliokuwa kimya walianza kusema.

Kwa hiyo uliza "Nieleze ulivyopata hapa," kisha hesabu kimoyomoyo: moja, mbili, tatu. Uso wako uwe wa mtu anayesubiri kivuko, asiyemkodolea mtoto macho. Mara nyingi mtoto akianza kueleza hulikuta kosa lake katikati ya sentensi, anasema "aa!" na kushika kifutio. Ukiona hivyo, nenda zako. Huo ndio mrejesho bora kuliko wote na hukufungua mdomo.

Hatua ya 4: Sema kilichosimama, kilichopotoka, na cha kufanya sasa hivi

John Hattie na Helen Timperley, katika makala yao ya 2007, walisema mrejesho unaofaa hujibu maswali matatu ya mwanafunzi: naelekea wapi, naendaje, na baada ya hapa nifanye nini. Mimi nimeyageuza yawe maneno ya kutumia nikiwa nimechuchumaa. Tumrudie mtoto wa "aliteka":

"Mama, hebu nisomee sentensi hii." (Huku kwetu binti mdogo huitwa mama, mvulana huitwa baba, na neno hilo pekee hushusha mabega ya mtoto.)

Anasoma.

"Nimemwona mama yako na wewe na matope yako. Umeionyesha vizuri kwa kutaja magoti. Sasa neno hili, aliteka. Alifanya nini?"

"Aliteka. Hivi." Anacheka kunionyesha.

"Sawa. Kwa Kiamu ni hivyo hivyo, na mimi nyumbani nasema hivyo. Mtu wa Kisumu akisoma insha yako ataona mama ameshika nini?"

Kimya. Moja, mbili, tatu. "Ndoo?"

"Ndoo ya kisimani. Atadhani mama alikwenda kuteka maji. Katika Kiswahili sanifu, hii t ya kuteka ya kwetu inakuwa nini?"

"Ch. Alicheka."

"Liandike. Kisha tafuta katika insha yako neno jingine la namna hiyo. Liko moja."

Angalia mambo matatu hapo. Kwanza, sifa ilitaja kitu: magoti. Pili, Kiamu hakikuitwa kosa. Kiamu ni lugha iliyobeba tenzi kabla ya Kiswahili sanifu kuundwa katika miaka ya 1930, na mtoto akiambiwa kwao wanasema vibaya, atanyamaza darasani na hutapata tena cha kurekebisha. Tatu, kazi ya mwisho ilikuwa ya kutafuta mwenyewe. Neno lilikuwa "mtanga". Alilipata.

Na usitaje alama. Mwaka 1988 Ruth Butler, mtafiti wa Israeli, aligawa wanafunzi makundi: wengine walipewa alama tu, wengine maoni tu, wengine vyote viwili. Waliopewa maoni tu ndio waliosonga mbele. Waliopewa vyote viwili walikuwa kama wale wa alama peke yake. Hilo nimeliona kwa macho yangu: ukimwambia mtoto "11 juu ya 20," masikio yanafungwa hapo, anageuka kuuliza mwenzake amepata ngapi. Viwango vyetu vinne vya kupimia kazi ya mtoto, kuanzia kuzidisha matarajio hadi mbali na matarajio, viwekee siku yake. Havina kazi kwenye mazungumzo haya.

Hatua ya 5: Usiondoke mpaka amefanya tena

Ningeruhusiwa kubakiza hatua moja ningebakiza hii.

Mwalimu anapita, anasema "umesahau nukta hapa," mtoto anasema "ndiyo mwalimu," mwalimu anaenda. "Ndiyo mwalimu" si jibu. Mtoto wa Pwani amefundishwa adabu. Atakuitikia hata kama hakusikia ulichosema. Subiri kalamu iguse karatasi. Kama ni kusoma, asome sentensi ile upya tangu mwanzo, kama vile chuoni. Kama ni hesabu, afanye nyingine inayofanana nayo, maana ile ya kwanza ameshaijua jibu. Kama darasa linakuita upande wa pili, mwambie "nitarudi uwe umeandika mbili," na urudi kweli. Usiporudi mara mbili tatu, wanajua.

Muulize pia: "Nimekwambia nini?" Aseme kwa maneno yake. Nilishangaa mara ya kwanza. Nilikuwa nimemweleza mvulana kwa ustadi mkubwa juu ya aya, nikamuuliza nimemwambia nini, akasema, "Umesema niandike kidogo." Mimi nilisema agawanye aya. Tangu siku hiyo siamini ufasaha wangu.

Sauti, mahali na haya

Hili silipi namba kwa kuwa linapita ndani ya hatua zote.

Lamu ni mji mdogo. Aliyeaibishwa saa tatu darasani, saa saba habari imeshafika nyumbani kwao kupitia binamu watatu. Kosa la mtu mmoja lirekebishe kwa sauti ya mtu mmoja. Chuchumaa au kaa ukingoni mwa dawati, macho yenu yawe kimo kimoja. Mwalimu mwanamume na binti wa Gredi za juu, kaa upande wa njia, mikono kwako, sauti isikike na jirani yake. Hakuna haja ya kunong'ona.

Ukiona kosa moja limewapata wengi, simamisha wote na uliandike ubaoni bila mwenyewe. "Nimekutana na sentensi hii safarini. Nani atanisaidia?" Liwe limebadilishwa kidogo, vinginevyo watoto watamjua mwenye nalo kabla hujageuka.

Na sifa. Tuna mazoea ya "mpigieni makofi!" Yanachangamsha na siyakatazi asubuhi yenye usingizi, lakini hayafundishi kitu, aliyepigiwa hajui ni kwa lipi. "Una akili wewe" ni mbaya zaidi. Claudia Mueller na Carol Dweck walionyesha mwaka 1998 kwamba watoto waliosifiwa kwa akili, walipokutana na kazi ngumu, walikata tamaa upesi na kufanya vibaya kuliko waliosifiwa kwa bidii. Ni mantiki: kama nimefaulu kwa kuwa nina akili, basi nikishindwa sina. Sifia alichokifanya: "Umerudi ukasoma swali mara ya pili, nimekuona."

Wala tusidhani kusema chochote ni bora kuliko kunyamaza. Kluger na DeNisi walikusanya matokeo ya tafiti za miaka mingi, wakachapisha mwaka 1996: kwa wastani mrejesho husaidia, lakini katika zaidi ya thuluthi ya matokeo hayo ulishusha kazi badala ya kuipandisha. Na wao waliona nguvu ya mrejesho hupungua kadiri unavyomgeukia mtu mwenyewe na kuiacha kazi iliyo mbele yake. "Kwa nini wewe husikii?" ni mrejesho juu ya mtu. Nimewahi kuusema, kwa mtoto ambaye baadaye niligundua sikio lake la kushoto lilikuwa na usaha. Hakuwa anasikia.

Ramadhani, fanya mazungumzo haya vipindi vya kwanza na uyafupishe. Saa sita mchana wa mfungo, mtoto anayefunga hana pa kuweka ushauri wako, na wewe huna subira ya kuhesabu tatu.

Hatua ya 6: Wafundishe kusemezana

Wakishazoea kusikia maneno yako, wape wayatumie wao kwa wao, wawili wawili. Wape mwanzo wa sentensi tatu ubaoni: "Nimependa ulipo…", "Sijaelewa hapa…", "Ungejaribu…" Usipofanya hivyo watasema "mbaya" na "poa" mpaka kengele. Nusu muhula wa kwanza itakuwa fujo. Vumilia.

Sharti moja liwe gumu kama jiwe: hakuna kucheka matamshi. Darasani kwangu kuna Waamu, Wabajuni wa kutoka Faza na Kizingitini, na watoto waliohamia kutoka bara ambao Kiswahili chao kina lafudhi ya kwao. Kila mmoja kwa mwenziwe anasikika wa kuchekesha. Atakayecheka kazi yake inakuwa kueleza darasa neno lile kwa lahaja yake mwenyewe, na mara nyingi huibuka somo zuri.

Hatua ya 7: Weka alama, kwa kifupi

Mwalimu mkuu au mkaguzi akifungua daftari lisilo na wino mwekundu atauliza. Kuna walimu, Uingereza kwa mfano, waliofikia kugonga mihuri kwenye daftari kuthibitisha kwamba wamesema na mwanafunzi. Muhuri huo unamsaidia mkaguzi tu. Mimi humtaka mtoto mwenyewe aandike pembeni, kwa penseli, maneno yasiyozidi sita juu ya tulilosema: "t ya nyumbani, ch ya shuleni." Mkaguzi anaona, mzazi anaona, na mtoto akirudia kufungua anajikuta ameandika mwenyewe.

Kazi ndefu, insha ya ukurasa mzima au mradi wa wiki tatu, bado inahitaji kalamu yako. Mdomo hauwezi kubeba mambo saba kwa wakati mmoja, na mtoto hawezi kuyakumbuka.

Hatua ya 8: Rudi baada ya siku chache

Usiulize "unakumbuka?" Atasema ndiyo. Mpe nafasi ya kukosea tena na uone.

Binti wa insha ya matope nilimpa, wiki moja baadaye, aandike sentensi tano kuhusu asubuhi nyumbani. Aliandika: "Mama aliamka mapema akaenda kucheka maji."

Zamani ningelia. Sasa nilifurahi, kwa sababu hilo ni kosa jipya, na ni la mtu aliyesikia: ameishika kanuni akaitumia hata pasipo pake. Nikachuchumaa. "Nisomee." Akasoma, akafika kwenye kucheka maji, akasimama. Sikusema kitu. Akatazama juu, akaziba mdomo kwa mkono. Kisha bila kuambiwa akachora mistari miwili nyuma ya daftari, upande mmoja akaandika "t inayobadilika", upande wa pili "t inayokaa". Chini ya kwanza akatia mato, mtele, mtanga na teka ya meno. Chini ya pili akatia teka ya ndoo, kisha akanitazama aniulize kama na "matope" iwekwe hapo.